Kilima Kilichosogea Futi Tatu

Kiti changu kile cha dirishani kina mguu mmoja mfupi. Kunjeni karatasi mara nne muiweke chini yake. Mara tatu haitoshi, na mkikunja mara tano mtaandika mmeinama kama watu wanaochungulia kisima. Hilo ndilo jambo la kwanza nililotaka kuwaachia ninyi vijana wa chumba cha hesabu hapo Manyoni, kwa sababu aliyekikalia kabla yangu hakuniambia, nami nilipoteza juma zima nikidhani ni mgongo wangu.

Mengine ni haya ninayoandika. Vyeo sitavitaja, vilikuwa vichache, na kila nilipopewa kimoja meza ilibaki ileile. Nataka mjue kazi ilivyokuwa, na hasa habari ya kilima K, kwa maana nimesikia mmoja wenu akiisimulia kantini na ameiharibu vibaya.

Nilikuja kutoka shule ya misheni upande wa Mungaa, ambako nilikuwa nimewafundisha watoto wa darasa la kwanza kwa miaka miwili na kuchoka. Chumba cha hesabu kilikuwa na meza mbili, kabati moja, na Mzee Mkumbo. Huyu alikuwa Mnyiramba, mwembamba, mtu wa suruali fupi zilizopigwa pasi mpaka zikakata upepo. Alijifundisha logi, zile jedwali za kurahisisha kuzidisha na kugawanya, peke yake kwa kitabu kisicho na jalada. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho, akanisukumia karatasi yenye safu ndefu ya tarakimu. Nikajumlisha haraka haraka, nikitaka anione mwepesi. Akauliza nimejumlisha kutoka wapi kwenda wapi. Nikasema kutoka juu kwenda chini. Akasema nirudie kutoka chini kwenda juu. Nikarudia, na lo, jibu likawa jingine.

"Basi huna jibu," akasema. "Una majibu mawili. Nenda kanywe maji, urudi."

Nilirudi, na nimekaa hapo mpaka mwezi uliopita.

Kazi yenyewe ilikuwa kupiga hesabu za milima. Nyumbani walipouliza hesabu za nani, nikajibu za milima, wakacheka, wakauliza milima inadaiwa nini. Nikaacha kueleza. Lakini ninyi mnajua. Wapimaji hupanda kilima, husimamisha ile darubini ya miguu mitatu, hutazama bikoni, ile milingoti ya alama, za vilima vingine na kusoma pembe. Daftari zao hutujia zikiwa na matone ya mvua na alama za vikombe vya chai, nasi tunazigeuza kuwa mahali: kilima hiki kiko hapa, kile kiko pale, umbali huu kati yao. Vilima vitatu ni pembetatu, na pembe tatu zikijumlishwa lazima zifike digrii mia na themanini. Zisipofika, kuna mtu amekosea, na mara nyingi anadhaniwa ni mpiga hesabu, kwa sababu ndiye aliye karibu.

Tulikuwa na mashine moja ya kupigia hesabu, ya kukoroga kwa mkono, tukaiita Kisagio, kwa vile ulizungusha mkono wake kama mwanamke anayesaga uwele. Ukigawanya unakoroga kwenda nyuma mpaka kengele ilie; ikilia umepita kiasi, unarudi mzunguko mmoja. Mzee Mkumbo alikuwa akisema kwamba laiti kila binadamu angekuwa na kengele hiyo. Mashine mpya mliyoletewa ya umeme haina kengele. Sisemi kitu.

Desturi yake kubwa ilikuwa hesabu mbili. Kila hesabu ilipigwa na watu wawili, kila mtu kwa karatasi yake, meza zikiwa zimegeuziana migongo. Hakuna kuulizana, hakuna kuchungulia, hata kuguna kulikatazwa. Jioni kabla ya kufunga tunalinganisha majibu. Yakitofautiana, hakuna anayemwambia mwenzake wapi; wote wawili tunaanza upya kesho. Nilimchukia kwa desturi hiyo mwaka wa kwanza. Baadaye nikampenda mno yule mzee, na ukihesabu vizuri utaona nusu ya urafiki wetu tuliuishi tumepeana visogo.

Sasa habari ya K. Miaka kadhaa kabla ya vita vikuu vya pili alikuja Mwingereza mmoja, mtu wa chuo kikuu cha kwao, mtafiti wa ardhi. Watu wa kambi walimwita Bwana Hakika, kwa sababu ukimwambia jambo lolote, hata kwamba chai iko tayari, alijibu, "Hakika?" Swali lake lilikuwa moja tu, na alilibeba maisha yake yote. Alitaka kujua kama ukuta wa Bonde la Ufa unasogea. Alidhani ardhi ya huku juu inateleza polepole kuelekea bondeni upande wa Ugogo, polepole kiasi kwamba mtu hawezi kuona. Dawa yake ilikuwa kupima pembetatu ya vilima vitatu leo, aondoke, arudi baada ya miaka mingi, apime tena. Tukauliza kama analipwa kwa kungoja. Akacheka, akasema kidogo.

Vilima viwili vilikuwa mbali na watu, vikapewa herufi M na T. Cha tatu, K, kilikuwa ukingoni kabisa mwa Bonde, nacho kiko karibu na kwetu. Njia ya kutoka nyumbani kwa mama kwenda sokoni Issuna inapita juu ya bega lake. Siku walipojenga bikoni yake nilikuwepo, kwa vile Mzee Mkumbo alitaka kila mpiga hesabu aone angalau kilima kimoja maishani mwake. Walichonga msalaba mdogo kwenye mwamba, huo ndio alama yenyewe. Wakasimamisha mlingoti juu yake sawasawa, wakauzungushia mawe ili usianguke, wakafunga kitambaa cheupe kileleni. Darubini ikiwa maili kumi na mbili mbali haioni msalaba, inaona mlingoti.

Mama alipanda na kibuyu cha togwa kututazama. Alikuwa mjane, nami ni mwanawe pekee aliyebaki, na kazi yangu hakuielewa wala hakuipenda, maana ilinipeleka mbali. Akauliza mti ule ni wa nini. Nilikuwa na haraka, lori lilikuwa linanguruma chini. Nikamwambia, mama, hiyo ndiyo kazi yangu. Mti huo ukisimama, na mimi nimesimama. Ukianguka, wataniambia nirudi nyumbani. Akautazama kwa muda, akaitikia kwa kichwa. Nikateremka mbio. Kama kuna maneno ninayotamani ningeyasema polepole zaidi, ni hayo.

Vilima vyote vitatu vikapimwa, pembe zikafunga vizuri kwenye mia na themanini, Bwana Hakika akaenda zake. Vikaja vita, vikapita. Mvi zikamwingia Mzee Mkumbo, nami nikaoa, nikapata watoto, nikaanza kuvaa miwani. Kisha Bwana Hakika akarudi, amezeeka ghafla, fimbo mkononi, na swali lake lilelile.

Safari hii mambo yaliharakishwa. Walipima kutoka M, wakapima kutoka T, halafu mvua ikawahi na njia ya kupeleka lori K ikawa tope tupu. Bwana akasema haidhuru, pembe mbili na umbali kati ya M na T zinatosha kupata mahali K ilipo. Ya tatu itajileta yenyewe kwa kutoa. Kwa hesabu alisema kweli. Aliongeza kwamba bikoni ya K ilionekana vizuri kuliko zote mbili, imara, nene, kama imejengwa jana. Mzee Mkumbo hakupenda. Alinong'ona, nami nimeyashika maneno yake mpaka leo, kwamba pembe usiyoipima ni shahidi ambaye hukumwita.

Tukageuziana migongo, tukakoroga Kisagio kwa zamu siku nne. Jioni ya nne tukageuza viti, tukalinganisha. Majibu yalikuwa sawa mpaka tarakimu ya mwisho. K ilikuwa imesogea futi tatu na inchi nne kuelekea mashariki. Kuelekea bondeni.

Bwana Hakika alisoma karatasi yangu, akasoma ya mzee, akakaa juu ya sanduku la darubini bila kusema "hakika". Machozi yalimlengalenga. Kisha akasimama akatushika mikono kwa nguvu, akasema ataandika makala na kuipeleka kwao ichapishwe katika jarida la wataalamu, na mwishoni yatakuwepo majina ya wapiga hesabu, yote mawili, kamili. Alisema hivyo na kwenda kuandika.

Lazima niwaeleze Mzee Mkumbo alivyokuwa siku zile. Mtu yule alikuwa amepiga hesabu za ramani tele, na kila ramani pembeni ina jina la aliyechora, jina la aliyepima, na jina la aliyeamuru. Wapiga hesabu hawamo. Hakuwahi kulalamika. Lakini siku ile alinunua wino mpya dukani kwa Mhindi, akanakili majedwali yote kwa mwandiko wake mzuri wa misheni, na chini kabisa akaandika jina lake na langu kama yatakavyochapishwa, aone yanavyokaa. Alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Alinionyesha ile karatasi mara mbili kwa siku moja, akisingizia anauliza kama kuna doa.

Katikati ya furaha hiyo nikapewa ruhusa ya siku tatu kwenda nyumbani, binti wa shangazi anaolewa. Nilishuka Issuna, nikafuata njia ya sokoni kwa miguu, na nilipofika begani mwa kilima nikasimama kama niliyepigwa kofi.

Bikoni tuliyoiacha ilikuwa inafika kifuani. Hii ilikuwa na upana wa nyumba. Mawe yalikuwa yamepangwa kwa ufundi, makubwa chini, madogo yamejazwa nafasi, na mlingoti umesimama wima katikati, mlingoti mpya wa mti mgumu, wenye kitambaa ambacho nilikitambua. Kilikuwa kipande cha shuka ya mama yangu.

Mama alikuwa amenisubiri njiani, akaniona natazama. Alijawa na fahari.

"Umeona?" akasema. "Haujaanguka nikauacha chini hata siku moja."

Akanieleza yote, naye hakuficha chochote, kwani alificha nini? Kwetu mtu mwenye msafiri akipita penye kilima hutupia jiwe lundoni na kumtaja jina. Basi mama kila siku ya soko alipanda na jiwe, akalitaja jina langu, akaliweka. Wenzake wakamsaidia na yao. Miaka ya vita mlingoti ulianguka, ng'ombe walikuwa wanajikunia. Mama akaita wanawake wa mtaa. Wakatazama, wakaona wapimaji hawakujua kujenga: nguzo haisimamishwi juu ya mwamba mtupu, nguzo inachimbiwa shimo. Mtu aliyejenga nyumba hata moja anajua hilo. Wakatafuta penye udongo, hatua moja upande wa bondeni, wakachimba shimo la mkono mzima, wakasimamisha mlingoti mpya, wakaushindilia, wakarudisha mawe yote kuuzunguka. Hatua moja.

Sikumwambia hatua hiyo ilikuwa na maana gani. Nilikula ugali wa uwele na mlenda, nikacheza harusini, huku nikipiga hesabu nyingine kichwani. Nikinyamaza, Bwana angeutangazia ulimwengu kwamba ardhi inateleza, na siku moja mtu mwingine angepanda K na kufunua mawe. Nikisema, nimemnyang'anya Mzee Mkumbo kitu pekee nilichowahi kumwona anakitaka. Na aliyekisogeza ni mama yangu, kwa ajili ya maneno yangu.

Nilirudi Manyoni siku moja kabla ya ruhusa kwisha. Makala ilikuwa tayari, inangoja treni ya kesho yake. Nikamkuta mzee mezani, nikamwamkia, nikabaki nimesimama. Akasema nikae. Nikasema siwezi. Nikamweleza nikitazama ukuta, kama tulivyozoea, yeye kisogo na mimi kisogo.

Aliweka kalamu chini. Akauliza kama nilipima waliusogeza kiasi gani. Nikasema hapana, sikuthubutu.

"Umefanya vizuri," akasema. "Ungepima, ungerudi na jibu unalolitaka." Kisha akachukua ile karatasi yenye majina yetu, akaikunja, akaitia mfukoni. "Simama vizuri. Tunakwenda kwa Bwana wote wawili, hesabu ilikuwa ya watu wawili."

Bwana Hakika alisikiliza mpaka mwisho. Alivua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Nilimwonea huruma sana. Alikuwa amebeba swali lile tangu ujana. Nilidhani atatufukuza. Akauliza kwa sauti ndogo, "Hakika?" Nikasema ndiyo, Bwana. Akasema twende tukaone.

Tulikwenda wote watatu na lori mpaka lilipokwama, halafu kwa miguu. Mzee Mkumbo alipanda kilima kwa umri ule akikataa kushikwa mkono. Kabla jiwe la kwanza halijaondolewa, Bwana alifanya jambo ambalo ndilo lililonifanya nimheshimu mpaka leo. Alimwambia mzee aandike kwenye karatasi umbali ambao hesabu yetu ilisema, aikunje, ampe dereva ashike. Tukaanza kuondoa mawe. Ilituchukua asubuhi nzima, na wanawake waliokuwa wanapita kwenda sokoni walisimama kututazama tunavyobomoa kazi yao, nyuso zimekunjamana.

Mwamba ukatokea, na msalaba upo palepale, umejaa vumbi na kinyesi cha mijusi. Bwana akapiga magoti, akavuta utepe wa chuma kutoka msalabani mpaka katikati ya mlingoti. Akasoma. Nikasoma. Mzee akasoma kutoka upande wa pili, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa. Futi tatu na inchi mbili. Dereva akafungua karatasi yake.

Tofauti ilikuwa upana wa vidole gumba viwili hivi. Kutoka maili kumi na mbili, kwa logi na Kisagio. Bahati nayo ilikuwepo, msije mkaahidi watu hivyo. Lakini mlima ulikuwa haujasogea popote, na sisi tulikuwa tumempima mama yangu tukiwa hatujui, tukamkosa kwa vidole viwili. Bwana Hakika aliketi chini mavumbini akacheka mpaka kofia ikaanguka. Mzee Mkumbo hakucheka. Alikuwa anatazama ule utepe kama mtu anayemtazama mtoto wake akisoma mbele ya watu, na hapo nikajua amesamehe, au hakukuwa na la kusamehe.

Mama alifika na kibuyu chake. Nikalazimika kumweleza, kwa Kinyaturu, mbele ya wote, kwamba Bwana alifikiri kilima kimekwenda. Akatutazama mmoja mmoja.

"Alitaka kiende wapi?" akauliza.

Nikatafsiri. Bwana akasema hilo ndilo swali zuri kuliko lake. Mama akasema tungemuuliza tangu mwanzo angetuambia. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, je, mti sasa uking'olewa, watanirudisha nyumbani? Miaka yote ile alikuwa amepanda na mawe kichwani kwa hofu hiyo, na mimi sikujua. Nilimshika mkono mbele za watu, jambo ambalo kwetu mwanamume mzima hafanyi, nikamwambia hapana mama, umesimamisha vya kutosha.

Makala ilichapishwa baada ya muda mrefu, ukurasa mmoja na kipande. Kilima kisichokwenda hakina haraka. Ilisema kwamba ukuta, kadiri ilivyoweza kupimwa, haukusogea. Nilimpelekea Mzee Mkumbo nakala yake nyumbani Iramba, alikuwa ameshastaafu. Alivaa miwani, akakaa kibarazani, akachukua penseli. Akajumlisha jedwali kutoka juu kwenda chini. Akajumlisha kutoka chini kwenda juu. Aliporidhika ndipo akateremsha kidole mpaka mwisho wa ukurasa, kwenye herufi ndogo, na kukisimamisha hapo. Jina lake, kisha langu. Kidole hakikuondoka mpaka chai ikapoa.

Wote wawili wamekwishatangulia, yeye na mama. K imejengwa upya juu ya msalaba, fupi kuliko ile ya wanawake, na kitabu cha bikoni mlicho nacho kabatini kinaeleza. Penye nafasi ya jina la aliyeitengeneza mara ya pili, mzee aliandika jina la mama kwa mwandiko wake. Msilifute, si kosa la karani.

Mimi sasa nakaa nyumbani kwake, na siku za soko napita begani mwa kilima. Najua siku hizi nanyi mnatumwa porini, huyu kilimani M, yule T, na njia za mvua mnazijua. Kwa hiyo naokota jiwe, nataja majina yenu, naliweka. Msiwe na wasiwasi. Naliweka chini kando ya njia, hatua arobaini kutoka kwenye alama, na nimezihesabu kwenda na kurudi.